Upande wa Pili wa Maji

Kuzunguka malambo yote matatu, kuanzia lango la zamani la shamba hadi kurudi pale pale, ni kamba mia moja na kumi na nane na kipande. Kamba yenyewe ilikuwa ya mita ishirini. Niliipima kwa futi yangu ya kushonea, nikaiburuta njia nzima asubuhi moja ya mwezi wa nane, huku mama mkwe wangu akinitazama kutoka langoni na kuuliza kama nimeamua kuushonea msitu suruali.

Naanza na kipimo kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Mimi ni mshonaji. Shule niliishia darasa la saba, na mengine niliyoyajua baadaye niliyapata kwa kupima, kuandika kwenye daftari na kusoma chochote kilichonifikia. Daftari la mwaka ule bado ninalo. Haya ninayoyaeleza nimeyalinganisha nalo. Pale ambapo daftari halisemi kitu, nategemea kumbukumbu.

Malambo yako upande wa Iyula, chini ya mashamba ya kahawa. Mlowezi aliyelima pale zamani alikinga kijito mara tatu ili apate maji ya kuoshea kahawa yake. Lambo la juu ni dogo, limejaa mafunjo. La kati ni refu na jembamba. La chini ndilo kubwa, na maji yake yamezuiwa na tuta la udongo lisilo na mti wala kichaka. Mlowezi alipoondoka, shamba liligawanywa, lakini maji na miti inayoyazunguka vilibaki vya kijiji, na ilikatazwa kukata hata ufito. Kwa hiyo msitu ulikuwapo, ndege walikuwapo, na njia ya kuyazunguka malambo ilikuwapo, nyembamba, ya kupita mtu mmoja. Katika nchi yetu ya miteremko, hapo ndipo mahali pekee nilipopajua ambapo mtu anaweza kutembea mwendo mrefu bila kupanda wala kushuka.

Nilikuwa nimeishi kwa wakwe zangu miaka tisa, na sikuwa nimewahi kumtazama baba mkwe wangu usoni.

Hilo linahitaji maelezo kwa wasiotoka kwetu. Ukoo wa mume wangu ulihamia Iyula kutoka milima ya Ileje, na ulikuja na heshima zake. Mkamwana hakutani na baba mkwe. Hasemi naye, halitaji jina lake, hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja njiani, anatoka njiani, anageuka na kumpa mgongo mpaka apite. Naye baba mkwe ana wajibu uleule: anakohoa kabla ya kuingia uani, na akikuona kwanza, yeye ndiye anayetoka njiani. Upande wa wazazi wangu heshima hiyo ilikuwapo lakini haikuwa kali kiasi hicho. Miaka ile wengi walikuwa wameanza kuilegeza. Kanisani walisema ni mzigo kwa wanawake. Mimi sikuiona hivyo kabisa. Nilijua wanawake waliokaripiwa na baba wakwe zao kila siku juu ya chumvi na maji ya kuoga. Mimi kwa miaka tisa sikukaripiwa hata mara moja. Mtu asiyeruhusiwa kusema nawe hawezi kukugombeza.

Mwaka ule, kahawa ikiwa bado inaanikwa, baba alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilala. Alikaa hospitalini wiki kadhaa, akarudi akiwa amebebwa, na mganga wa zahanati yetu akaja kumwona. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno kupitia dirishani.

“Mguu huu unaweza kuamka,” alisema. “Lakini mkiuacha kitandani mpaka mvua zianze, ndivyo utakavyobaki. Atembee kila siku, mahali tambarare, aongeze kidogo kidogo. Na asiende mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona.”

Alipoondoka, mama mkwe alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha magoti yake yaliyokuwa yamevimba tangu mwaka wa juzi. Tulikuwa sisi wawili tu. Mume wangu alikuwa Tunduma, akiandika karatasi za malori kwa wakala wa forodha, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Shemeji yangu alikuwa Mkwajuni machimboni. Majirani wote walikuwa kwenye kahawa.

“Wewe una miguu,” mama aliniambia, “ila huna ruhusa.”

“Na wewe mama una ruhusa.”

“Ila sina miguu. Tungeshonwa pamoja tungetoka mtu mmoja wa maana.” Kisha akaacha kucheka. “Mwanangu, yule mzee akibaki kitandani hatamaliza miaka miwili. Namjua. Hawezi kukaa.”

Siku mbili baadaye nilikuwa nikifua kwenye lambo la kati. Nilipoinua macho nilimwona ng'ambo, ameketi chini ya mti wa msasa, mama amemleta pole pole hadi hapo kwa kumkokota. Niliinama haraka, kama nilivyofunzwa. Kisha nikafikiri. Kati yetu palikuwa na maji. Sikuweza kuona macho yake wala yeye yangu. Nikajiuliza ni umbali gani hasa heshima inaanza. Mtu aliye kwenye kilima cha pili humgeuzii mgongo. Basi maji haya ni mapana ya kutosha au siyo?

Nilimuuliza mama jioni ile. Alisema hajawahi kusikia swali la kijinga la aina hiyo, kisha akaenda kumpelekea mzee. Baba alijibu kwa njia aliyoizoea alipotaka nisikie jambo: alimwambia jogoo uani, kwa sauti kubwa.

“We jogoo, waambie wenye nyumba kwamba wazo hilo limetoka kwa mtu anayefikiri.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Baba alitembea upande wa mashariki, chini ya misasa, akiwa na mkongojo katika mkono wa kulia. Mimi nilitembea upande wa magharibi, kwenye nyasi, sambamba naye, maji kati yetu. Nilikata vipande vyekundu kutoka mabaki ya vitambaa vyangu, nikavifunga kwenye miti na vigingi kuzunguka njia nzima, kila baada ya kamba kumi. Pamoja na lango lenyewe, vilikuwa vituo kumi na viwili. Baba akifika kwenye kitambaa, anainua mkongojo juu mara moja, maana yake yu salama. Nami nainua upande wa kitenge changu, maana yake nimeona. Mkongojo usipoinuka, nisimfuate. Nikimbie langoni nimwite mama na majirani. Sharti hilo lilikuwa la mama, na nililikubali.

Mwezi wa nane alifika kituo cha pili na kurudi. Wiki iliyofuata, cha tatu. Daftari linaonyesha kwamba siku kumi na moja hakusogea zaidi ya hapo, na kwamba siku ya kumi na mbili alifika cha nne na kuinua mkongojo mara mbili. Nakumbuka niliinua kitenge mara mbili pia, nikaona aibu, nikajifanya najitwika mzigo wa kuni kichwani.

Katikati ya mwezi wa tisa aliweza kulivuka tuta kubwa na kulizunguka lambo la chini, na kuanzia siku hiyo tulizunguka duara zima. Ilibidi nifanye hesabu upya. Tukienda pande tofauti tungekutana mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo tulikwenda upande mmoja, yeye akitangulia nusu duara. Yeye anapovuka tuta la chini kuelekea magharibi, mimi navuka magogo ya kijito cha juu kuelekea mashariki. Hivyo daima tulikuwa tumekabiliana, na daima tulikuwa mbali. Alipumzika mara tano au sita, akiketi kwenye magogo. Lengo lake alimtangazia mnandi aliyekuwa akianika mabawa kwenye kisiki katikati ya maji.

“We ndege, kabla mvua haijafunga tuta, nitazunguka bila kuketi. Unasikia?”

Mvua zikishaanza, maji hufurika juu ya tuta la chini na njia hukatika mpaka mwezi wa tano. Kwa hiyo tarehe ya mganga na tarehe ya tuta ilikuwa moja. Nami nilimwambia mnandi, kwa sauti ndogo kidogo, kwamba tumesikia.

Baada tu ya tuta, upande wa magharibi, kuna nyumba ya pampu. Pampu ilichukuliwa zamani, zikabaki kuta nne, paa nusu na msumari mlangoni. Siku ya tatu ya kuzunguka duara nilikuta mfuko wa kitambaa umetundikwa kwenye msumari ule. Ndani mlikuwa na kitabu cha jiografia kilichopoteza jalada.

Baba aliwahi kuwa karani kwenye kituo cha kupokelea kahawa cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipokuja na magari yao, kituo kilifungwa, naye alirudi nyumbani na sanduku la bati lenye vitabu. Nililijua sanduku hilo kwa miaka tisa kwa sura ya nje. Mama ndiye aliyekuwa amemwambia kwamba mimi husoma hata magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Baba hakuniandikia neno, maana kuandika kungekuwa kusema. Alitundika tu mfuko, akaenda zake, nami nikaufikia nusu duara baadaye.

Nilisoma kile cha jiografia kwa siku nne, nikakirudisha msumarini. Ndani yake niliacha kipande cha karatasi ya kukatia nguo chenye orodha ya maneno nisiyoyaelewa. Orodha ya maneno si barua. Kesho yake karatasi ilikuwapo, na mbele ya kila neno maana yake kwa penseli, kwa mwandiko wa karani, herufi zimesimama wima. Mbele ya neno moja aliandika: “Hata mimi sijui.” Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniambia hivyo.

Baada ya jiografia kilikuja kitabu cha magonjwa ya kahawa, kisha cha historia, kisha kamusi, ambayo haikurudi msumarini kwa sababu siku ya tatu nilikuta maelezo kwenye ukurasa wa kwanza: “Hiki kibaki.” Sikuwa na uhakika kama hapo alikuwa amesema au hakusema. Niliamua kwamba alikuwa akimwambia kitabu.

Siku alipoanguka ilikuwa mwezi wa kumi mwishoni. Jua lilikuwa kali na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima. Baba alipumzika mara mbili tu hadi kituo cha tano, akavuka tuta, akaingia nyuma ya nyumba ya pampu. Kutoka pale kituo cha saba ni mwendo mfupi. Mimi niliendelea kutembea upande wa mashariki, nikamkaribia kuliko kawaida, nikasimama chini ya mti wa kituo cha nne, nikangoja mkongojo uinuke. Haukuinuka.

Nilihesabu hadi mia tatu. Sharti lilisema nikimbilie langoni. Lakini lango lilikuwa nyuma yangu, mwendo wa robo saa, na nyumba ya pampu ilikuwa mbele, hatua chache baada ya tuta. Nilijiambia kwamba nitasogea tu hadi mwanzo wa tuta nitazame, kisha nirudi kuita watu. Nilikwenda haraka, nimeinama, kitenge kimefunika kichwa, macho kwenye njia. Hofu ilinifanya nipite mwanzo wa tuta bila kujua kwamba nimeupita.

Baba hakuwa amepatwa na lolote. Alikuwa ameketi ndani ya nyumba ya pampu akisoma ukurasa mmoja wa kitabu alichotaka kuniachia, na alipotaka kusoma wa pili akagundua hana miwani. Aliiacha kwenye gogo la kituo cha tano. Kwa hiyo akageuka, kitabu kwapani, kinyume cha mwendo wetu wote wa wiki sita, akaanza kuvuka tuta kurudi mashariki kuitafuta. Na bila miwani, mtu aliye mbele yake alikuwa kivuli tu.

Tulikutana katikati ya tuta. Niliona ncha ya mkongojo, kisha kiatu, kisha kiatu kingine kinachoburuzwa. Palikuwa na hatua nne kati yetu. Hapakuwa na mti wala kichaka.

Nilifanya nilichofunzwa. Nilitoka njiani, nikashuka upande wa maji, nikazama kwenye tope hadi magotini, nikampa mgongo. Naye, katika sekunde ileile, alifanya alichofunzwa yeye. Alitoka njiani upande wa pili, akanipa mgongo. Lakini upande wake ulikuwa mteremko, na mguu aliotangulia nao ulikuwa wa kushoto.

Nilisikia akiporomoka. Sikusikia sauti yake. Nilisikia udongo, kisha matete yakivunjika chini.

Nimejiuliza mara nyingi nilisimama pale kwa muda gani nikiwa bado nimempa mgongo. Daftari halisemi. Nadhani ni pumzi tatu au nne. Nilikuwa nikifikiri, kwa utulivu wa ajabu, kwamba nikikimbia langoni itakuwa robo saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi na watu, na kwamba chini ya tuta pana maji yanayovuja, na kwamba sijui amelala kifudifudi au chali. Kisha niligeuka, nikapanda tuta, nikashuka upande wa pili kwa makalio.

Alikuwa amelala ubavu, kichwa chini, mkono wa kushoto umebanwa chini ya mwili, shavu moja kwenye tope. Alikuwa anatazama matete. Nami nilimtazama. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho ambalo sikuwa nalijua.

Katika akili yangu hapakuwa na neno lolote lililofaa, ila lile ambalo mtu humwamkia mzee. Kwa miaka tisa sikuwa nimelitumia kwake.

“Shikamoo, baba,” nikasema.

Alitema tope kwanza.

“Marahaba,” akasema, bado akitazama matete. “Miwani yangu umeiona?”

Nilicheka. Sikukusudia. Kisha nikaona bega lake likitikisika, nikaogopa kwamba ni kifafa, kumbe naye anacheka.

“Haya,” alisema, “sasa nitamwambia tete hili, nawe usikilize. Tete, mwambie mkwe wangu anishike mkono wa kulia. Wa kushoto hauna kazi.”

“Tete,” nilisema, “mwambie baba kwamba kwanza namgeuza, asijikaze.”

Nilimgeuza. Nilimwingiza mgongoni kitenge changu, nikakipitisha chini ya makwapa, nikakifunga kama tunavyofunga mzigo, nikamvuta hadi juu ya tuta, shubiri kwa shubiri. Hakuvunjika. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeanza kuvimba. Tulikaa juu ya tuta mpaka pumzi zikarudi, yeye akitazama lambo na mimi nikitazama matete, kila mtu upande wake, migongo ikigusana kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Kisha aliniegemea begani, tukarudi kwa njia ya mashariki. Kwenye kituo cha tano tuliikuta miwani juu ya gogo.

Mama alituona tukitokea langoni, tumeshikana, tumepakaa tope kama wafinyanzi. Aliinuka bila kukumbuka magoti yake.

“Nani amemuua mwenzake?” aliuliza.

“Heshima,” alisema baba.

Mganga alikifunga kifundo na kusema siku kumi na tano za kukaa. Nilihesabu kwenye daftari. Zingekwisha kwenye wiki ambayo kwa kawaida mvua huanza. Jambo hilo lilinikosesha raha kuliko jambo lile jingine, la kuwa nimemshika baba mkwe. Lakini hilo jingine nalo lilikuja. Mdogo wake baba alitoka Ileje, mzee wa maneno machache na kofia ya sufu, akaketi ukumbini na mama akaniita nisikilize nikiwa nyuma ya mlango.

“Alimshika kwa idhini ya nani?” aliuliza baba mdogo.

“Ya tope,” mama alijibu. “Ungekuwapo ungeliuliza.”

“Shemeji, nauliza kwa utaratibu.”

“Kwa utaratibu, basi. Amemwona uso, amemwamkia, amemfunga mgongoni kama mtoto. Unataka kesho waanze tena kuzungumza na jogoo? Jogoo mwenyewe amechoka.”

Baba mdogo alicheka kwa pua. Alieleza kwamba liko jambo linalofanywa pale ukwe unapofunguliwa: baba mkwe anampa mkamwana kitambaa, mkamwana anampikia kuku na kumpelekea kwa mkono wake mwenyewe, naye anakula mbele yake. Huwa linafanywa wakati wa ugonjwa mkubwa, au uzee, pale mzee anapohitaji kuhudumiwa. Lingeweza kufanywa miezi mitatu kabla, alisema, kama kuna mtu angekuja Ileje kuuliza.

Tulitazamana mimi na mama kupitia upenyo wa mlango. Hatukuwa tumeuliza. Mimi nilipima umbali wa maji, nikahesabu kamba na vituo, na halikunijia wazo la kuuliza kama sheria yenyewe ina mlango. Mpaka leo, nikianza kazi yoyote, hilo ndilo swali langu la kwanza.

Nilipika kuku. Baba alinipa kitenge cha kutoka Zambia ambacho mume wangu alikileta kutoka Tunduma, na alikula mbele yangu polepole. Mwishoni alisema kuku ana chumvi ya kutosha.

Siku ya kumi na sita tulirudi malamboni. Manyunyu yalikuwa yameanza mara moja moja, na maji yalikuwa yamebakiza shubiri mbili kufika juu ya tuta. Sasa nilikuwa na ruhusa, kwa hiyo nilitembea kando yake, mkono tayari. Siku ya kwanza aliketi mara sita. Ya pili, mara sita. Ya tatu, mara saba, na kila alipochoka aliniegemea begani kabla ya kuketi. Siku ya nne tulipofika kituo cha kwanza alisimama.

“Mwanangu,” alisema, “nakushukuru, lakini rudi upande wako.”

Nilidhani nimemkosea.

“Ukiwa karibu mguu unakusikia,” alisema. “Unajua utashikwa. Ukiwa kule unajua hakuna mtu. Nenda kule. Ila sasa usiiname. Nitazame.”

Nilirudi langoni, nikazunguka lambo la juu, nikasimama upande wa magharibi kwenye nyasi. Aliinua mkongojo. Niliinua kitenge kipya. Tukaanza.

Kituo cha pili, cha tatu, cha nne. Gogo la kituo cha tano alilipita bila kuliangalia. Kwenye tuta alikwenda kwa hatua fupi, katikati kabisa, na mimi, nikiwa kwenye magogo ya kijito, sikuvuka. Nilisimama mpaka alipotoka nyuma ya nyumba ya pampu. Mkongojo uliinuka kituo cha saba. Cha nane alitikisika, akasimama, akaegemea mti kwa mgongo, na nilimwona akiliangalia gogo lililokuwa hapo. Mnandi aliruka. Baba akatoka kwenye mti, akaendelea.

“Vimebaki vingapi?” alinipigia kelele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita moja kwa moja juu ya maji.

“Vinne, baba!”

“Mnandi alisema vitatu!”

“Mnandi hakusoma!”

Mama alikuwa langoni, kwenye kiti, na alisikia yote. Baba alipomfikia hakuketi. Alizunguka kiti cha mama mara moja zaidi, kwa makusudi, kisha akasimama akishikilia egemeo la kiti. Daftari linasema: “Vituo 12. Kuketi: hakuna.” Wiki iliyofuata maji yalipita juu ya tuta.

Mguu haukupona wote. Uliburuzika kidogo maisha yake yote yaliyobaki, nayo ilibaki miaka mingi kuliko ile miwili aliyoitabiri mama. Miaka iliyofuata, njia ilipofunguka mwezi wa tano, tulizunguka siku nyingi, yeye mashariki na mimi magharibi, tukipigiana kelele juu ya maneno ya kamusi mpaka wavuvi wa perege wakatuomba tunyamaze. Sanduku la bati liko kwangu. Kile kitabu alichokuwa akikisoma kwenye nyumba ya pampu kina tope kwenye ukurasa wa pili. Sijalisafisha.

Nikipita pale bado nainua upande wa kitenge kwenye kila kituo, ingawa vitambaa vyekundu vilishaoza. Watu wanadhani nafukuza inzi.